Sauti Inapolitangulia Jicho

Mwaka 2017, katika tuzo za televisheni za BAFTA nchini Uingereza, watazamaji walipewa kura ya kuchagua tukio la mwaka lililowagusa kuliko mengine. Ushindi haukwenda kwa tamthilia wala kwa shindano la dansi. Ulikwenda kwa kinda wa iguana aliyetoka mchangani katika kisiwa cha Fernandina, Galápagos, akafukuzwa na nyoka, akanaswa, akachomoka. Kipande hicho kilirushwa na BBC tarehe 6 Novemba 2016, katika sehemu ya kwanza ya Planet Earth II, na muda si mrefu kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu ambao hawajawahi kukaa wakamaliza kipindi kizima cha wanyama.

Watazamaji haohao ndio wenye malalamiko. Kila mfululizo mkubwa unaporushwa, hoja ni zilezile: muziki unapigwa kwa nguvu hadi unamfunika msimulizi, mnyama anapewa jina na visa vya binadamu, picha za siku tofauti zinaungwa zionekane tukio moja, uzuri umezidi, na hali halisi ya mbuga na misitu haionekani. Hoja hii ya mwisho iliandikwa Januari 2017 katika gazeti la The Guardian na Martin Hughes-Games, mtangazaji wa Springwatch ya BBC hiyohiyo. Alisema vipindi vya aina ya Planet Earth II vinawaonyesha watu dunia ya njozi iliyojaa wanyama, wakati wanyama wenyewe wanazidi kupungua.

Ukizipitia hoja hizo moja moja, utaona kwamba hakuna anayezilalamikia picha. Kamera za leo zinapiga gizani, zinapiga kutoka angani, zinakimbia sambamba na mnyama bila kutikisika. Yote yanayolalamikiwa hufanyika baada ya picha kupigwa: mkato, muziki, milio, maneno ya msimulizi, mpangilio wa kisa. Kwa hiyo mhakiki anayeishia kusema kwamba picha ni nzuri hajamjibu mtazamaji. Swali lake ni la umbo, nami nataka kulijibu kwa kuvitazama vipindi vitatu, kimoja cha Galápagos na viwili vya kwetu, Tanzania na Kenya.

Tuanze na iguana. Kinda anatoa kichwa mchangani. Kamera imewekwa chini, usawa wa macho yake, kwa hiyo jiwe dogo linakuwa kilima na ufukwe unakuwa uwanda mrefu usio na kichaka cha kujificha. Mbele, upande wa bahari, wapo iguana wakubwa wamejilaza juu ya miamba, na huko ndiko kwenye usalama. Kabla hatari haijaanza, tayari tumejua mchanga uko wapi, mawe yako wapi, wenzake wako wapi na umbali uliopo kati yao. Mhariri asipotupa ramani hiyo mapema, itambidi baadaye aombe msaada wa ngoma.

Kisha msimulizi, David Attenborough, anatupa jambo moja la kujua: nyoka hawa hawaoni vizuri kilichotulia, wanaona kinachojongea. Akishasema hivyo anatuachia. Nyoka anakuja, anapita ubavuni mwa kinda karibu kumgusa, na kinda hajongei. Picha ya karibu inakaa usoni mwake. Muziki umeshuka hadi karibu na kimya. Hapo mtazamaji ndiye anayefanya kazi. Amepewa kanuni, sasa anaitumia mwenyewe, anaomba kimoyomoyo kinda asitikisike hata ukucha. Hakuna aliyemwambia kwamba kinda anaogopa. Hofu ameitengeneza yeye, kwa ujuzi aliopewa na kwa macho yake. Nadhani kura za 2017 zilipatikana katika utulivu huu, kabla ya zile mbio ambazo kila mtu anazikumbuka.

Mbio zenyewe zimehaririwa kama filamu ya kufukuzana. Nyoka wanamiminika kutoka kwenye nyufa za miamba, mikato inakuwa mifupi, midundo inapanda. Kinda anaanguka katikati ya nyoka, wanamviringisha, tunadhani amekwisha, kisha anajinyonganyonga, anachomoka na kuruka juu ya jabali huku mdomo wa nyoka ukimkosa. Muziki ni mkubwa, sikatai. Lakini unakwenda na miguu yake. Akisimama unasimama, akikimbia unakimbia. Hautangulii kutuambia tuhisi nini kabla jambo halijatokea.

Baada ya sifa zote hizo, mtayarishaji wa sehemu ile, Elizabeth White, alieleza kwamba mbio zile hazikuwa za kinda mmoja. Picha za makinda tofauti ziliungwa pamoja, maana wanyama hawawezi kuombwa warudie. Wapo waliojiona wamedanganywa. Mimi naona swali la kuuliza ni hili: mkato ule umesema jambo gani lisilo la kweli? Makinda wa Fernandina huanguliwa mchangani, nyoka huwasubiri, anayetulia huweza kupona, anayekimbia hufukuzwa na nyoka wengi kwa pamoja, na wapo wanaofika miambani. Mkato umekusanya yaliyowapata makinda kadhaa ukayapitisha katika mwili wa mmoja. Haukubuni tabia ya nyoka wala ya iguana.

Linganisha na kisa cha Frozen Planet cha mwaka 2011. Watoto wa dubu wa barafu, wachanga kabisa, walionyeshwa pangoni na mama yao katikati ya picha za majira ya baridi ya Aktiki. Ikajulikana baadaye kwamba pango lile lilikuwa katika bustani ya wanyama nchini Uholanzi. BBC ilijitetea kwamba huwezi kuingiza kamera katika pango la dubu mwitu bila kuhatarisha maisha ya watoto, na utetezi huo naukubali. Kosa naliona kwenye kiungo. Picha ya upepo wa nje ilishonwa na picha ya ndani bila alama yoyote, na sauti ya msimulizi ikapita juu ya mshono huo bila kusita, kana kwamba mlango mmoja umefunguliwa. Maelezo yaliwekwa kwenye tovuti, mahali ambapo wengi wa watazamaji hawafiki. Sentensi moja ya simulizi ingemaliza ugomvi wote.

Milio nayo ina mambo yake. Lenzi ndefu inamfikia chui aliye mbali, kipaza sauti hakimfikii. Hivyo nyayo, mitafuno na mbawa nyingi tunazozisikia zimetengenezwa studio na mafundi wa milio, na kwa nyayo za thelujini mbinu ya miaka mingi ni kuminya mfuko wa unga laini wa mahindi. Watu wengi wakiambiwa hili hukasirika. Mimi hunikera zaidi pale mdudu anapopewa kishindo cha tembo, kwa sababu hapo sikio linapewa ukubwa ambao jicho linaukana.

Sasa tuje kwetu. Mwezi Julai 2019 BBC One ilianza kurusha Serengeti, mfululizo uliotayarishwa na Simon Fuller, aliyebuni shindano la Pop Idol, pamoja na John Downer, mpiga filamu wa wanyama wa siku nyingi. Uingereza msimulizi alikuwa John Boyega. Marekani, kwenye Discovery, Lupita Nyong'o. Picha zake ni za kifahari. Wanyama wake wana majina: Kali ni simba jike aliyetengwa na kundi kwa sababu watoto wake ni wa dume wa nje; Bakari ni nyani aliyenyang'anywa mpenzi; Zalika ni fisi anayelazimika kushika nafasi ya mama yake. Mtazamaji wa Tanga anasikia jina la mjomba wake, katika kisa kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya sebule ya mbali.

Wahakiki wengi wa Uingereza walisema tatizo ni kumpa mnyama jina na moyo wa binadamu. Hapo sikubaliani nao moja kwa moja. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 aliwapa sokwe majina, akamwita mmoja David Greybeard, na wanasayansi wakamsema kwamba alipaswa kuwapa namba. Yeye ndiye aliyekuja kuwaonyesha kwamba sokwe hutengeneza zana za kuvulia mchwa. Jina lilimsaidia kumtofautisha mnyama huyu na yule, siku hata siku, mpaka tabia ikajitokeza. Katika Maasai Mara, Big Cat Diary ilianza mwaka 1996 kufuatilia simba wa kundi la Marsh kwa majina, na mwaka 2018 Dynasties ikarudi kwa kundi hilohilo na kumfuata simba jike aitwaye Charm kupitia njaa, fisi na sumu. Majina yale hayakumdhuru mtu.

Tofauti iko kwenye mpangilio. Goodall alitazama, akatoa jina, akaendelea kutazama. Serengeti inaanza na nafsi iliyokwisha kuandikwa, kisha inatafuta picha za kuijaza. Mbinu yake ni ya tamthilia ya jioni. Simba anageuza kichwa. Mkato. Simba mwingine, mahali pengine, anageuza kichwa upande wa pili. Msimulizi anatuambia kwamba huyu anamwonea wivu yule. Wivu wenyewe haumo katika picha ya kwanza wala ya pili. Umewekwa kwenye nafasi iliyo kati ya picha, na sauti imekaa pale kuhakikisha hatuioni nafasi hiyo. BBC haikuficha kwamba mfululizo huu umetungwa kama tamthilia, kwa hiyo siuiti udanganyifu. Ni udhaifu wa ufundi.

Ukitaka kuupima, zima sauti. Iguana bila sauti bado ana hofu yake: nyoka yuko pale, umbali uko pale, utulivu uko pale. Sehemu nyingi za Serengeti ukizizimia sauti, kisa kinaondoka na wanabaki simba wazuri wanaotazama huku na huku kwenye nyasi za dhahabu. Na hao simba waliobaki, kusema kweli, wanavutia kuliko kisa kilichoondoka. Simba anayefukuzwa na kundi lake ana sababu zinazohusu madume, maziwa, eneo na uhai wa watoto. Ni mambo makubwa, ya kutisha, na yanahitaji muda kuelezwa. Kuyaita mapenzi na usaliti ni kuyapunguza.

Wapo watakaosema kwamba bila mapenzi na usaliti watu hawatakaa mbele ya televisheni. Jibu langu ni filamu ya mwaka 2005 iitwayo The Queen of Trees, ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyopigwa Kenya. Mhusika wake mkuu ni mti. Ni mkuyu, huu wa kandokando ya mito yetu, ambao wengi tumekua tunauona na matunda yake yakianguka bure. Mhusika wa pili ni nyigu wa milimita mbili hivi.

Ufundi wa filamu hii uko katika namna inavyotupa maarifa kwa zamu. Kwanza tunda linaonekana kama tunda. Kisha linakatwa, na ndani tunaona kwamba kumbe ni bustani iliyofungwa: maua madogo mengi yameelekea katikati, yasiyo na njia ya kufikiwa na nyuki wala upepo. Swali linajileta lenyewe. Mti huu unazaaje? Nyigu jike anatua juu ya tunda, anatafuta tundu dogo mno, anaanza kujipenyeza. Kamera inakaa naye. Tundu linambana, mbawa zinachanika na kubaki nje. Akishaingia, hatoki tena. Anayapa maua chavua aliyokuja nayo kutoka mti mwingine, anataga mayai, anafia humo humo.

Wiki kadhaa baadaye wanazaliwa watoto. Madume hutangulia. Hawana mbawa. Wanawapanda majike ambao bado wako ndani ya vijumba vyao, kisha wanatoboa ukuta wa tunda kutokea ndani ili majike wapate njia. Kazi hiyo ikiisha wanakufa, wengine hawakuwahi kuishi nje ya tunda hata kidogo. Majike wanabeba chavua, wanatoka kwa njia waliyochimbiwa, na wana siku moja au mbili tu za kuutafuta mkuyu mwingine ulio tayari. Juu ya maisha hayo mafupi umesimama mti unaowalisha nyani, popo, ndege, samaki na tembo.

Hakuna nyigu aliyepewa jina. Hakuna aliyeambiwa ana huzuni. Lakini jike anapoacha mbawa zake mlangoni, mtazamaji hushika pumzi, kwa sababu amekwisha kuelewa maana ya mbawa kwa mdudu ambaye uhai wake wote ni safari. Huruma hapa inatokana na kuelewa. Filamu hii nayo imetengenezwa: tunda limekatwa ili kamera ione, taa zimewekwa, nyigu wengi wamesimama badala ya mmoja. Joan na Alan Root walifanya vivyo hivyo katika Castles of Clay, mwaka 1978, walipotuingiza ndani ya kichuguu hadi kwa malkia wa mchwa, na filamu ile ilifika kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kukata tunda au kichuguu ili mtu aone ndani ni uongozi wa jicho. Mtu akionyeshwa njia vizuri hahitaji kuambiwa ahisi nini atakapofika.

Katika The Queen of Trees sauti hufuata jicho. Simulizi ikija, inajibu swali ambalo picha imekwisha kuliuliza. Katika Serengeti sauti hutangulia, na picha ikifika inakuta jibu limekaa kwenye kiti chake. Naamini malalamiko mengi ya watazamaji, ya muziki, ya majina, ya kuungwa kwa picha, yanatoka hapo. Mtu anahisi kazi yake ya kutazama imenyakuliwa, hata kama hana neno la kitaalamu la kulieleza jambo hilo.

Lipo lalamiko jingine ambalo Uingereza halisikiki sana, lakini kwetu halikosekani: watu wako wapi? Aliyefika Mto Mara wakati nyumbu wanavuka anajua kwamba kingo zimejaa magari ya watalii, madereva wanaitana kwa redio, wageni wamesimama juu ya viti. Fremu ya kipindi inawafuta wote. Ni uamuzi wa umbo kama ulivyo muziki, na una historia. Filamu ya Bernhard na Michael Grzimek, Serengeti Haitakufa, ilitoka mwaka 1959, mwaka uleule Wamasai walipohamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Michael alikufa Januari mwaka huo, ndege yao ilipogongana na tai, na filamu ikashinda Oscar. Ilisaidia kuilinda mbuga, hilo halina ubishi. Ilisaidia pia kuujenga mtazamo kwamba mbuga kamili ni ile isiyo na mtu. Tangu hapo, binadamu wa hapa anapoingia kwenye kipindi huingia akiwa tishio. Hata katika ile sehemu ya simba ya Dynasties, ambayo naiheshimu, mfugaji anafika kwa njia ya sumu.

Zile dakika kumi za mwisho zinazoonyesha jinsi kipindi kilivyopigwa, ambazo baadhi ya watazamaji huziona za kujazia saa, kwangu ni za thamani kwa sababu hii: hapo ndipo watu wanaporudi. Lakini mara nyingi anayerudi ni mpiga picha mgeni na jasho lake. Dereva aliyejua chui atatokea upande gani anaonekana mgongo, akishika usukani.

Tunazo njia za kuanzia. Paula Kahumbu wa Kenya, katika Wildlife Warriors, amewaweka Wakenya wanaofanya kazi na wanyama mbele ya kamera, nao wanazungumza kwa ujuzi wao. Tanzania ina Safari Channel ya TBC tangu mwaka 2018. Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa watayarishaji wetu, wa TBC, wa KBC na wa stesheni binafsi. Simulizi ziandikwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza ya uhariri, zisifasiriwe baada ya filamu kwisha. Mwiteni askari wa wanyamapori na mwongoza watalii kwenye chumba cha uhariri, wawaambie mnyama yule alikuwa anafanya nini kweli. Mkishaandika, futeni kila sentensi inayosema jambo ambalo picha imekwisha kulisema. Na ule mkuyu ulio kando ya mto, anzeni nao, maana hauhitaji ndege wala kibali cha nchi ya mbali.